Kipande cha Tatu

Wiki tatu mtafiti hakutulia. Akikaa, goti linamcheza. Akisimama, anaizunguka meza ya vipimo kama aliyepoteza ufunguo. Mumewe alishamwambia, "Mama watoto, hata usingizini unahesabu."

Kilichomnyima raha ni kipande cha plastiki, chembamba kama ganda la kitunguu. Plastiki ile kwa kawaida haipitishi umeme hata chembe. Yeye aliipeleka chumba cha pili, kwa fundi wa mashine, ipigwe ioni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, kwa kasi mpaka uso ugeuke mweusi. Hapo umeme hupenya kwa kusuasua. Lakini kipande cha tatu kilipitisha mara elfu zaidi kuliko wenzake. Akarudia vipande kumi na viwili, kwa vipimo vile vile vilivyoandikwa daftarini. Wapi. Na mkuu wa maabara alishaanza kuuliza, kwa ule upole wake wa kutisha, kama kweli aliona alichokiona.

Asubuhi hiyo akalibeba daftari hadi kwa fundi, mtu mzima aliyezungumza na mashine zaidi kuliko na watu. Alikuwa akifuta pampu.

"Fundi, siku ya kipande cha tatu ulifanya nini?"

"Si nimeandika."

"Umeandika. Nauliza ulifanya nini."

Fundi akaendelea kufuta pahali palipokwisha kutakata. Kisha akaketi.

"Siku ile nilipigiwa simu, mke wangu kaanguka jikoni. Ilikuwa imebaki kazi ya saa tatu. Nikaongeza nguvu ya mwale wa ioni mara nne, nimalize niondoke. Humo ndani kulichemka. Nikaandika kama kawaida."

Damu ilimpanda mtafiti kichwani. Maneno ya kumpa alikuwa nayo tele. Lakini akili ilishatangulia: joto. Plastiki ilikuwa imeungua kidogo kidogo ikawa kaboni, na kaboni hupitisha umeme.

"Mkeo anaendeleaje?"

"Anatembea. Mkono wa kushoto ndio bado mzito."

"Ungeniambia, fundi."

"Nimebakiza miezi minne nistaafu, mwanangu. Niliogopa."

Mtafiti akamsukumia kalamu. "Andika ulichofanya, na tarehe ya leo. Kwa mkuu tutakwenda wote."

Wakaiwasha mashine kama siku ile. Kipande cha kwanza kilijikunja, cha pili kikapasuka. Mtafiti akatoka, akarudi, akatoka tena, mpaka fundi akamwambia, "Kaa chini, unaitia mashine wasiwasi." Vilivyofuata wakavibana kwenye fremu ya chuma. Viwili mfululizo vilipitisha umeme, nusu tu ya kile kipande cha tatu, lakini vilipitisha.

Mkuu alisoma daftari, kisha akamsimamisha fundi kazi mwezi mzima. Mtafiti alimwombea msamaha mpaka akaishiwa maneno, mkuu hakubadili uamuzi. Basi mwezi ule akaiendesha mashine mwenyewe, akikimbia chumba hadi chumba, na kila siku saa nne simu ililia: fundi, kutoka nyumbani, akitaka kujua pampu imeamkaje.