Mfuniko Alioushona Mzee Fakihi

Jakuzi lile lilifika Mbezi mwaka wa tisini na sita, limefungwa kwa kamba juu ya lori, na halikuwa na mfuniko. Mfuniko wake ulibaki Dubai, kwa kuwa kontena lilijaa redio na matairi, naye Mudathir aliona heri kuacha mfuniko kuliko kuacha bidhaa. Likawekwa uani nyuma ya nyumba yake mpya: beseni la rangi ya samawati lenye kutosha watu sita, na mashine ya kupasha maji moto na kuyatibua. Mzee Fakihi Kondo, baba yake, alilizunguka mara mbili, mikono nyuma. Katika mji ambao jua lake humwogesha mtu jasho kabla ya adhuhuri, mwanawe alikuwa amenunua chombo cha kukalia maji ya moto. Lakini hakuja kuyasema hayo.

"Majani ya mwarobaini yanaingia," alisema Mudathir. "Mbu nao. Na maji yanapoa, umeme unakwenda bure. Itabidi niagize mfuniko."

"Usiagize," alisema Mzee Fakihi. "Nitaushona mimi."

Kwa miaka thelathini na mmoja Mzee Fakihi alikuwa fundi wa maturubai katika karakana ya shirika la umma, kando ya barabara ya Pugu. Maturubai ya mabehewa na ya malori ya pamba yalipita katika mikono yake, na aliyemwita kwa jina tupu bila kutanguliza "fundi" alihesabiwa kuwa hana adabu. Kisha serikali ikajitoa katika biashara, karakana ikafungwa, cherehani zikauzwa kwa uzito wa chuma, na asubuhi moja aliamka kwake Temeke akiwa babu tu. Si umri uliokuwa umeongezeka. Ni jina lililokuwa limepungua. Watu walimwamkia kwa heshima zote, na hapakuwa na hata mmoja aliyemwuliza neno lolote la kazi.

Mudathir aliokota jani lililokuwa likielea majini. "Sawa, Baba. Yupo rafiki yangu, Bwana Kamugisha, anajenga hoteli Kunduchi. Ataweka majakuzi manane, na mifuniko hana. Akiupenda wako, kazi yote nitahakikisha unapewa wewe."

Mzee Fakihi aliitikia kwa kichwa. Ila njiani kurudi Temeke alijikuta anavitazama vidole vyake kimoja kimoja, kama mtu aliyerudishiwa mali iliyokuwa imeibwa.

Kitambaa alikwenda kukichagua mwenyewe Buguruni, katika duka la mwanamke aitwaye Zubeda, ambaye ulimi wake ulijulikana soko zima.

"Karibu, babu. Turubai la nini? La kibanda au la msiba?"

"La kufunika maji."

"Ya kisima?"

"Ya moto. Ya kuogea."

Zubeda aliweka chini kikombe chake cha chai. "Babu, maji ya kuogea yakishapata moto mie nayaoga, siyafuniki."

Wateja wawili wakacheka. Mzee Fakihi hakucheka. Alikwisha kuingiza mkono katika marobota.

"Chukua hili la plastiki," alisema Zubeda. "Ndilo wanalofunikia malori siku hizi. Halipitishi tone."

"Halipumui. Kitambaa kisichopumua ni maiti."

"Basi maiti huyo ndiye anayenunuliwa, babu. Huyo mzima wako yuko hapa tangu Mfunguo Mosi."

Alichagua turubai la pamba, zito, lililofumwa kwa nyuzi mbili mbili. Alilivuta upande kwa upande, akalinyanyua juani kutafuta vitundu, akalinusa. Akachukua uzi wa kitani na pete za shaba. Nyumbani alichonga fito za mninga za kuupa mfuniko uti wa mgongo, akayeyusha nta na kuisugua katika kitambaa mpaka viganja vikaungua. Alishona siku tano barazani kwake, na mfuniko ukatoka wenye kukunjika katikati kama kitabu, na pindo lake likishuka shubiri moja kuzunguka pande zote. Pembeni, kama ilivyokuwa ada ya karakana, alitia herufi mbili za jina lake kwa uzi mwekundu.

Karakana ile ilikuwa na desturi nyingine pia, iliyoitwa kukaa chini. Turubai lilipokamilika lilitandazwa juu ya nguzo, na aliyelishona akakaa chini yake akiwa amevaa nguo zake za Ijumaa au za Jumapili, wenzake wakamimina juu pipa zima la maji. Likimdondokea tone moja, kazi yote ilifumuliwa, na dhihaka hazikwisha mpaka mwezi uandame. Mzee Fakihi alikaa chini miaka thelathini na mmoja na hakulowa hata siku moja.

Siku ya kukabidhi alikwenda Mbezi pamoja na Albano, mwenzake wa karakana, Mnyamwezi wa Tabora, na kwa hiyo mtani wake yeye Mzaramo. Wakautandaza mfuniko juu ya fremu ya mbao, Mzee Fakihi akaingia chini katika kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Mudathir na mkewe Nusaiba wakasimama kutazama.

"Mzaramo, leo utaoga," alisema Albano, ndoo mkononi. "Nimekusubiri tangu mwaka wa sitini na tano."

"Mimina."

"Ukilowa, kanzu ni yangu."

"Utaivaa wapi wewe, na tumbo hilo? Mimina."

Albano alimimina ndoo kumi na mbili. Mzee Fakihi alitoka mkavu kama alivyoingia. Mudathir alipiga makofi. Nusaiba naye alitabasamu, kisha akauliza kwa adabu, kama mkwe anavyomwuliza baba wa mumewe:

"Baba, na ule mvuke wa maji ya moto? Unapanda kutoka chini. Utakwenda wapi?"

Albano alishusha ndoo. "Fundi, mtoto kauliza neno."

"Mwanangu," alisema Mzee Fakihi, "mimi nimefunika pamba ya nchi hii, na kahawa, na saruji. Maji hutoka juu."

Alilisema hilo kwa upole wa mtu anayefunga mlango. Kisha akamwagiza jinsi ya kuutunza: aufunue kila asubuhi, auanike kivulini wala si juani, ausugue kwa burashi ya makumbi na maji matamu, asiuguse kwa sabuni, asimruhusu mtu kuukalia. Nusaiba alirudia maagizo yote moja baada ya jingine, asikosee hata moja.

Wiki sita baadaye Bwana Kamugisha alialikwa kuja kuuona. Ilikuwa Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Mzee Fakihi aliketi katika baraza la nyuma akiwa na kanzu ile ile, mbali hatua chache tu na jakuzi, akingoja kuitwa. Mudathir na mgeni wake walishika pete za shaba, mmoja upande huu na mmoja upande ule, wakanyanyua.

Kwanza ilikuja harufu. Ilikuwa harufu ya nguo zilizosahauliwa zikiwa mbichi, na ilifika mpaka barazani. Upande wa chini wa mfuniko ulikuwa umeota ukungu mweusi kama masizi. Kitambaa kilikuwa kimekunywa mvuke mchana na usiku na kikawa kizito kupita kiasi. Fito zilikuwa zimepinda. Na dawa inayotiwa katika maji ilikuwa imeula uzi wa kitani kwa siri. Mshono wa kati uliachia taratibu, bila kelele, na nusu ya mfuniko ikatumbukia ndani ya maji ya samawati.

Bwana Kamugisha alirudi nyuma na kutazama viatu vyake.

"Unawajua mafundi wetu, bwana," alisema Mudathir, akicheka. "Huyu nilimwokota Buguruni, akanidanganya kwamba anajua. Na mama watoto naye mvivu, hauaniki."

Nusaiba alikuwa amesimama na sinia ya vinywaji. Aliinamisha macho, asijitetee.

Mzee Fakihi aliona wazi kwamba akinyamaza jambo litakwisha hapo hapo. Mgeni atakunywa soda yake, atakwenda zake, na hakuna atakayemhusisha mzee wa barazani na uozo ule. Kunyamaza kulikuwa rahisi kama kumeza mate. Alisimama.

"Bwana Kamugisha, fundi huyo hakuokotwa. Ni mimi, baba yake. Na huyu binti ametenda kila nililomwagiza; kilichokuwa kibovu ni kazi yangu. Aliniuliza habari za mvuke, nikaona anauliza mtoto."

Kisha Bwana Kamugisha, aliyekuwa mtu mwenye malezi, alisogea na kumpa mkono. "Shikamoo, mzee. Umejitahidi lakini. Umejitahidi sana."

Ndilo neno ambalo mwalimu humwandikia mtoto aliyeshindwa. Mzee Fakihi aliitikia "marahaba," akachukua bakora yake.

Mudathir alimfuata mpaka getini. "Baba, kwa nini umeniaibisha? Mimi nilikuwa nakusitiri."

"Kwa kunikana? Na mkeo ulikuwa unamsitiri nani?"

Mudathir akamfungulia geti.

Mzee Fakihi hakulala na kosa lake, alilikalia kazini. Alirudi Buguruni kununua kipande cha lile turubai la plastiki. Zubeda alilipima polepole, akamtazama. "Maiti amefufuka, babu?" Alilipa bila kujibu, kwa kuwa mwanamke yule alikuwa na haki ya kusema. Barazani kwake alishona mfuniko mdogo wa majaribio: pamba juu, plastiki chini, uzi wa nailoni, na mshono uliokunjwa mara mbili ili matundu ya sindano yasitazame maji. Akachemsha sufuria juu ya jiko la mkaa, akaufunika, akakaa kando yake tangu adhuhuri mpaka alasiri. Aliupapasa kwa juu: mkavu. Aliufunua, akapangusa chini kwa kitambaa: umande ulitoka wote, na pamba ilikuwa haijaguswa. Kwa mara ya kwanza tangu karakana ifungwe, alijifunza jambo jipya katika kazi yake, akiwa na miaka sitini na nane.

Mudathir alimkuta hapo. Alikuja na gari, akamwamkia, akaketi juu ya mkeka, akaugeuzageuza ule mfuniko mdogo kwa umakini aliokuwa hajamwonyesha baba yake siku nyingi.

"Hii ndiyo, Baba. Hii ndiyo yenyewe." Akatoa bahasha mfukoni. "Kamugisha anataka mifuniko kutoka Italia. Kuiagiza ni miezi mitatu, na hoteli inafunguliwa mwezi ujao. Nimemwambia ninaweza kumpatia."

Katika bahasha mlikuwa na vitambaa vidogo vinane vya kung'aa, vimechapwa maneno ya kigeni na bendera ya rangi tatu.

"Vinashonewa pembeni tu," alisema Mudathir. "Pale unapoweka herufi zako. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe si mnunuzi."

"Kazi nitaifanya. Nitashona yote minane, na kila mmoja nitaukalia chini na kuuchemshia maji. Na kila mmoja utakuwa na jina langu."

"Baba, siku hizi mtu hanunui kitu, ananunua kilikotoka. Nani wa kununua jina la Temeke? Umekuwa ukilalamika kwamba hakuna anayekuita fundi. Nakuletea ufundi mlangoni."

"Unaniletea sindano. Ufundi umempa Mtaliano asiyewahi kuishika."

"Ukiweka jina lako hakuna kazi."

"Basi hakuna."

Mudathir alivirudisha vile vitambaa katika bahasha, akavipanga vizuri kwanza. Hakuondoka kwa hasira. Alisema tu, "Mwendo wako mwenyewe utakumaliza, Baba," akamtakia afya njema, akaenda.

Siku ya nne alikuja Albano. Alibisha hodi, akaamkia, akaketi, akaulizia hali ya nyumba. Hakutania. Hapo ndipo Mzee Fakihi alipojua.

"Kazi amekupa wewe," alisema.

"Amenipa." Albano alikuwa anaitazama mikono yake. "Wajukuu wanne wako kwangu tangu mama yao afariki. Wewe una mwana mwenye nyumba Mbezi, unaweza kukataa. Mimi nimekubali."

"Na vile vitambaa?"

"Nitavishona."

Barazani palikuwa na jua lililokwisha kufika miguuni mwao.

"Mshono wa chini unaujua?" aliuliza Mzee Fakihi.

"Siujui. Ndio ulionileta. Ukinifukuza nitaondoka, wala sitakulaumu."

Angeweza kumfukuza. Wiki sita zingepita, mifuniko minane ingeoza hadharani pale Kunduchi, na mwanawe angeona. Alilifikiria hilo, na alilifikiria kwa kirefu kuliko ilivyompasa mtu mnyofu. Kisha aliinuka, akaingia ndani, akaleta ule mfuniko mdogo, akafumua pembe yake mbele ya mwenzake ili aone mshono ulivyokunjwa.

"Tundu la sindano likitazama chini, linakunywa. Ligeuze ndani. Kunja tena. Sasa pitisha."

Walishona mpaka adhana ya alasiri. Albano alikuwa mwepesi wa kushika, kama alivyokuwa siku zote, na mshono wake wa tatu haukuwa na kasoro. Aliupitisha kidole, akauliza bila kuinua kichwa:

"Kamugisha akiniuliza haya nimejifunza kwa nani, nimjibu nini?"

"Hatakuuliza," alisema Mzee Fakihi. "Vuta uzi."