Kipande cha Chuma Ndani ya Mkate

Fundi cherehani alinunua mashine ya kuoka mkate ili asiende gerezani. Mama yake alilijua hilo.

Kaka yake fundi, ambaye mtaani walimwita Usukani kwa kuwa tangu utotoni hakutaka kazi nyingine ila udereva, alikuwa mahabusu akisubiri kesi. Lori aliloendesha lilifika na mzigo pungufu, na majora ya vitambaa yaliyokosekana yakakutwa kwenye chumba cha kushonea cha dada yake. Alikuwa amemwomba amhifadhie tu, atayafuata. Polisi waliondoka na majora, wakaondoka na cherehani zote mbili, na fundi mwenyewe akalala kituoni. Alipoachiwa hakuwa na kazi wala wateja. Hapo ndipo alipoapa kwamba hatatia mguu kule kumwona.

"Ni ndugu yako," mama alimwambia.

"Sijasema si ndugu yangu. Nimesema siendi."

Lakini chakula cha gerezani kilimshinda Usukani, na kitu pekee kilichoruhusiwa kutoka nyumbani kilikuwa mkate mtupu, usiopakwa wala kutiwa chochote. Zamani mama alikuwa hodari wa kukanda. Siku hizi kifundo cha mkono wake wa kulia, kilichovunjika na kuunga vibaya, hakikuweza hata kukamua kitambaa. Ndipo fundi alipokwenda dukani na akiba yake ya mwisho, ili mama aoke na kupeleka mwenyewe. Muuzaji alimwonyesha mashine kubwa yenye kioo na vitufe vingi, akaisifia mpaka sauti ikamkauka. Fundi akaiacha, akachukua ndogo, kwa sababu mfuniko wake ulifunguka kwa mkono mmoja na maandishi yake mama angeyasoma bila miwani. Unatia maji, unga, chumvi na hamira, unafunika, unabonyeza, unakwenda kuendelea na shughuli zako. Jambo moja tu la kuangalia, muuzaji alisema: kile kijipande cha chuma kinachozunguka chini na kukanda unga, wakati mwingine hung'ang'ania ndani ya mkate. Ukiutoa, ugeuze utazame.

Mama hakuacha kugeuza na kutazama hata mara moja. Lakini siku ile umeme ulichelewa kurudi, mkate ukachelewa kuiva, na yeye akauviringisha kwenye taulo ungali wa moto akatoka mbiombio kuwahi saa za kutembelea.

Fundi alibaki kuosha vyombo. Alitia mkono ndani ya ndoo ya mashine, kile chombo mkate unamokandwa na kuokwa, akapapasa chini. Kipini cha katikati, kinapochomekwa kile kijipande cha chuma, kilikuwa kimesimama peke yake. Akamwaga maji, akapapasa kwenye sinki, akasogeza kila kitu mezani, akapiga magoti akatazama sakafuni. Kisha akaelewa: kimeondoka na mkate.

Alimpigia mama simu. Ikaita chumbani, juu ya kitanda.

Alitoka na ndala za bafuni miguuni, mlango akauacha wazi, akasimamisha pikipiki ya kwanza aliyoiona.

"Gerezani. Haraka."

"Kwema?" dereva aliuliza.

"Endesha tu, kaka."

Walikuwa wameshafika mbali alipogundua kwamba ile ndoo alikuwa nayo mkononi, bado inamchuruzikia maji kwenye gauni.

Nje ya lango foleni ilifuata ukuta. Mama alikuwa ameshafika mbele. Taulo lilikuwa limefunguliwa mezani, mkate unafuka mvuke kidogo, na askari alikuwa anapangusa kisu chembamba alichotumia kwa vyakula vya watu waliotangulia. Fundi alikimbia huku akiwaza. Angeweza kumvuta mama pembeni na kusema wameghairi. Lakini anayeondoa kitu juu ya meza ya askari huonekana mwovu kuliko aliyekileta. Angeweza kunyamaza, pengine kisu kipite kando. Halafu Usukani akutwe na chuma, kule ndani.

"Afande, tafadhali, usikate kwanza."

Kisu kikasimama hewani. Foleni nzima ikageuka.

"Umefuata nini huku?" mama alimuuliza.

"Ndani ya huo mkate kuna chuma," fundi alimwambia askari, pumzi zikimkatika. "Ni cha mashine yetu ya kuokea. Kimenasa. Mama hana habari."

Mwanamke aliyekuwa nyuma ya mama alirudi nyuma taratibu, na wengine wakafuata. Askari aliuwekea mkate kiganja kana kwamba ungetoroka, akamwita mwenzake.

Waliingizwa kwenye chumba chenye benchi moja. Mkuu wa zamu alikuwa mwanamke mtu mzima, mnene, mwenye sauti ya chini. Aliuweka mkate mbele yake, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Nani ameoka?"

"Mimi," walisema wote wawili kwa pamoja.

"Naona kila mtu anaupenda huu mkate."

Aliumega katikati. Kipande kilianguka mezani, urefu wa kidole gumba, kimegandwa na makombo ya mkate. Akakiokota, akapitisha ncha ya kidole ukingoni mwake.

"Hiki kinaweza kunolewa."

"Kinaweza," fundi alisema. "Ndiyo maana nimekimbia."

Alimsogezea ile ndoo. Mkuu wa zamu alikwangua kipande kwa ukucha, akakichomeka kwenye kipini. Kiliingia sawasawa. Akakizungusha, akakitoa, akakichomeka tena. Nje mtu alikuwa anaita majina ya wageni. Fundi akamshika mama mkono ule mbovu.

"Ungefika kisu kimeshakigusa," mkuu wa zamu alisema mwishowe, "saa hizi tungekuwa tunaongea mengine. Na kijana wenu angeyajibu yeye." Akakitia kipande kwenye droo. "Hiki kinabaki. Mkate hauingii. Na leo anaingia mmoja tu."

"Nenda wewe," mama alimwambia binti yake.

"Mama, mimi..."

"Miguu yangu haina nguvu. Nenda."

Usukani aliletwa upande wa pili wa wavu. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Alipomwona dada yake alisita, karibu arudi alikotoka.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko nje. Mzima." Akamweleza yaliyotokea.

Usukani akacheka. "Kumbe mlitaka kunitorosha na mkate." Alipoona anacheka peke yake akanyamaza.

"Nina swali moja tu," fundi alisema. "Yale majora. Ulijua?"

Askari alikuwa anatembea karibu nao. Usukani alisubiri apite.

"Nilijua."

"Ukayaleta kwangu."

"Nilidhani kwako hakuna atakayetazama."

Fundi alikuwa ameyasubiri maneno hayo muda wote huo, na sasa yalipokuja hakujua ayafanye nini. Alitaka kuupiga ule wavu. Badala yake akaushika.

"Mahakamani utasema nini?"

"Kwamba wewe hukujua. Hilo nitalisema hata wakinifunga." Akashusha sauti. "Mama nilimwambia hata mimi sikujua."

"Basi hilo ni lako na mama."

Kengele ikagongwa. Fundi aliondoka bila kuaga, ila mlangoni aligeuka, akamwona kaka yake bado amesimama.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, taulo lenye vipande vya mkate mapajani.

"Kasemaje?"

Njia nzima kutoka ndani fundi alikuwa ameazimia kukaa kimya. Akashindwa.

"Alijua, mama."

"Najua kwamba alijua. Nilipomuuliza alinijibu upesi mno."

"Na bado unaamka kumwokea?"

Mama alimtazama kama mtu asiyeelewa swali. "Sasa asile?"

Hasira ya fundi ilikuwa pale pale, lakini akakaa kando ya mama. Tangu asubuhi hakuna aliyetia kitu mdomoni. Mama alifungua taulo katikati yao, wakala palepale, kila mmoja akikigeuza kipande chake na kukitazama vizuri kabla ya kukitafuna.