Debe la Maini ya Papa

"Tumbo langu ni chuma," Kenga alimwambia Maleka. "Mwanafunzi wa dawa akitapika, na arudi kwao akauze madafu."

Kwao kwenyewe ni hapa hapa Mombasa, na chuo kilikuwa kimefungwa tena kwa migomo. Wawili hao walikuwa na kazi moja ya somo lao la dawa: kuwapa panya mafuta ya ini la papa, yale bibi zetu wanayowanywesha watoto wenye kikohozi, waone yanatibu au yananuka bure. Sharti la mwalimu: wayatengeneze kwa mikono yao, wajue kilichomo. Kenga alikwisha kuanguka kwenye mtihani wa kupasua chura. Akianguka na hapa, anarudia mwaka.

Maini waliyapata kwa wavuvi wa Liwatoni. Wakayatia debeni, wakalifunika, wakaliweka juani darini kwa kina Maleka, mtaa wa Ndia Kuu, yaoze yatoe mafuta yenyewe, ndivyo yafanywavyo. Siku ya kuyakamua, Maleka akiwa dukani kwa babake, Kenga alivaa koti lake jeupe la chuo, akafunua debe kama afunuaye sufuria ya pilau.

Lahaula! Harufu ikamzaba kofi. Maini yamekuwa uji wa kijivu wenye povu, na povuni funza wanaogelea, wamenona kama mabwana harusi. Akatia mwiko. Uji ukavutika kama kamasi. Funza mmoja akamparamia kidole.

Chuma kikayeyuka. Pilau ya mchana yote ikarudi mle mle debeni, na nyingine kotini.

Akalimwaga debe chooni, akakimbilia uchochoro wa nyuma, koti mkononi, kwa Bi Mwanaesha, auzaye mafuta hayo hayo.

Jioni akamkabidhi Maleka chupa. "Nimeyakamua kwa mkono huu!"

"Na funza?"

"Nimewaamkia mmoja mmoja."

Maleka akanusa. "Mbona yanukia nazi?"

"Papa wa Liwatoni hao, bibi wee. Wanakula vizuri."

"Hodi wenyewe!" Bi Mwanaesha akaingia na koti jeupe mkononi, limekunjwa vizuri. "Kenga, mwanangu, umelisahau kwangu. Nimelifua, lakini matapishi yako yameshika kama gundi." Akaiona chupa. "Haya, mafuta yangu yamekutosha?"

Maleka alilitazama koti, akaitazama chupa, akamtazama Kenga.

"Hayo madafu," akauliza, "utayauzia wapi?"