Mama Mkwe na Choo cha Ndani

Jukka alipokuja Kitale mwaka wa 2003 kufanya kazi ya miti, kitu cha kwanza kumwangusha hakikuwa malaria. Kilikuwa bafu. Mtu amezaliwa Finland kwenye theluji, anafungua showa ya stima akitarajia maji moto kama ya kwao, anashika ile koki ya chuma, mkono wote unapata habari mpaka begani. Alitoka mbio na taulo, povu kichwani, akaenda kugonga kwa landilodi.

"Ah, si uvae slipa za mpira kama watu," Bwana Gikonyo akamwambia, na akaendelea kula.

Hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya slipa. Wala hakuna aliyemwambia kwamba maji ya mfereji yanakuja Jumanne na Ijumaa, na ukilala Ijumaa hujajaza mitungi, hiyo ni shauri yako. Na baridi! Marafiki zake walikuwa wanamwonea wivu ati ameenda Afrika kuota jua, na yeye mwezi wa saba amekaa sebuleni na koti na soksi mbili mbili. Kwao baridi inakaa nje, watu wanakaa ndani. Nyumba ya Kitale haina kitu cha kuipasha moto, kwa hivyo baridi na watu wanaishi pamoja kama wapangaji.

Lakini Jukka hakuwa mtu wa kulialia. Alijifunza. Baada ya miaka mitatu alikuwa anaoga na nusu ndoo, na anabakisha ya miguu. Aliwasha jiko la makaa bila kumaliza kiberiti. Stima ikipotea hakuuliza mtu, alinyoosha tu mkono na mshumaa ulikuwa pale. Hata alikuwa ameanza kuwacheka wazungu wapya.

Ndiyo maana jambo la mama mkwe lilimkuta amelegea kabisa.

Alikuwa ameoa Roselyne, mwalimu, mtu wa Bokoli kule Bungoma. Siku ya kwanza kupelekwa kwao, Jukka alifungua mikono kumkumbatia mama ya bibi yake, Mama Rispah. Mama wa watu akatupa sahani ya njugu, akaingia kwa mahindi, na hakuonekana tena mpaka saa kumi. Ndipo wazee wakamkalisha Jukka chini. Mama mkwe hasalimiwi kwa mkono. Hukai naye kiti kimoja. Jikoni kwake huingii. Akikuja na njia, wewe unapisha. Jukka aliandika yote kwa kijitabu, na tangu siku hiyo Bokoli nzima haikuwa na mkwe mwenye adabu kama yeye. Alisimama mita tano na kupunga mkono kama mtu anayeongoza ndege kutua.

Choo hakikuwa kwa kijitabu.

Mwezi wa tano 2006 Roselyne akapata mtoto msichana, kwa operesheni. Daktari akasema wiki sita hakuna kuinama, hakuna kubeba ndoo, hakuna kufua. Simu ikapigwa Bokoli, na kesho yake Mama Rispah akafika na kuku wawili, unga wa wimbi, mkungu wa ndizi, na leso za kubebea mtoto. Kulala kwa nyumba ya mkwe haiwezekani, hiyo kila mtu alijua, kwa hivyo alipangiwa kwa rafiki yake wa kanisa pale mtaa wa Tuwan. Saa kumi na mbili asubuhi yuko, jioni anarudi. Jukka akiingia na mlango wa mbele, mama anatoka na wa nyuma. Nepi zilikuwa nyeupe kwa kamba, mtoto ananona, Roselyne anaanza kucheka cheka.

Shida ilikuwa moja tu. Mama Rispah hakunywa chai.

Mama wa Bokoli kukataa chai si jambo la kupita hivi hivi. Alikataa ya maziwa, akakataa ya tangawizi, akakataa hata uji aliopika yeye mwenyewe. "Nimeshiba," alisema, na ametembea kutoka Tuwan bila kitu tumboni. Halafu mara tatu, mara nne kwa siku, anafunga leso kiunoni na kutangaza, "Ngoja niende Tuwan kusalimia mtu." Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, mwendo wa haraka sana, mtoto huku nyuma analia na Roselyne ameshika kidonda.

"Huyo mtu anasalimiwa mara nne kwa siku ni nani?" Jukka akauliza.

"Ni wa kanisa," Roselyne akasema na kugeukia ukuta. Kuna mambo ya mama yako ambayo humwambii bwana yako, hata akiwa mzungu.

Siku ya tano, Jukka akang'amua mwenyewe. Mama hajawahi kugusa mlango wa choo! Hata mara moja. Na Jukka akafurahi sana, maskini, kwa sababu aliona ameelewa. Nyumba ya Gikonyo ilikuwa selfkontena, choo ndani, tangi juu, mnyororo wa kuvuta, na ukivuta kunanguruma kama lori linapanda mlima. Mama anaogopa hiyo kelele, Jukka akawaza. Ni kama mimi na ile showa. Hakuna mtu amemfundisha!

Alhamisi akatoka kazini mapema. Akasugua choo mpaka kikang'aa, akaweka sabuni mpya, akatia maua kwa mkebe wa kahawa. Halafu akafungua mlango wazi, akahesabu mita zake tano, na akaita kwa adabu yote aliyokuwa nayo.

"Mama! Tafadhali! Njoo nikuonyeshe choo. Si hatari!"

Mama Rispah alikuwa mlango wa jikoni, mtoto mgongoni. Alisimama kama nguzo.

"Unaona, ni rahisi. Unakaa hivi." Na Jukka, na suruali yake na viatu vyake vya msituni, akaenda akakaa. "Ukimaliza, unavuta." Akavuta. Kitu kikanguruma.

"Uwi!" Mama Rispah akafunika uso na leso. "Roselyne! Roselyne mwanangu, kuja uone bwana yako amepatwa na nini!" Akafungua mtoto mgongoni, akaenda kumweka kwa mama yake chumbani, akachukua kikapu. "Mimi nimezeeka nimeona mambo, lakini mkwe kunifundisha kukaa? Hapana. Jumamosi ndugu yako Mukhisa analeta gari. Wewe na huyu mtoto tunaenda Bokoli, nitawalea kule mahali naweza kuishi kama mtu. Miezi tatu ikiisha mtarudi."

Na akaenda. Jukka alibaki ameshika mnyororo. Miezi mitatu! Huyo mtoto alikuwa bado hajamjua sura. Ndiyo kwanza alikuwa amejifunza kumshika bila kichwa kuanguka nyuma.

Kule chumbani Roselyne alikuwa anacheka na analia, ameshika tumbo. "Usinichekeshe, wewe, nitapasuka nyuzi. Ati si hatari!"

"Lakini nilikuwa namsaidia."

"Jukka. Mama yangu anajua choo cha kuvuta, amekitumia hospitali ya Webuye mara nyingi. Shida ni wewe. Asubuhi unakaa pale na gazeti. Sasa yeye naye akae pale pale? Mama mkwe na mkwe? Heri aende mpaka Bungoma kwa miguu."

"Nitaacha kukitumia."

"Bado ni chako. Na tena kiko ukuta mmoja na sufuria. Kwetu choo kiko huko chini kwa ndizi, mtu akienda hakuna anayejua ameenda. Hapa kwenu mtu akienda, nyumba nzima inanguruma."

"Kwa hivyo hakunywa chai..."

"Ili asiende Tuwan mara kumi. Eeh."

Jukka aliona aibu mpaka masikio yakawa mekundu. Halafu akaenda kwa Gikonyo. Nyuma ya ploti kulikuwa na choo cha shimo, kilichimbwa na mafundi wakati nyumba zinajengwa. Siku hizi Gikonyo alikuwa ameweka ndani kreti tupu na kuku aliyekuwa anaatamia.

"Kufungua ile?" Gikonyo akasimama kabisa. "Wewe unanitakia nini? Mimi ndiye wa kwanza kwa hii barabara kuweka selfkontena! Watu walikuwa wanakuja kuangalia! Sasa mzungu, mzungu mzima, anataka choo ya shimo? Watasema Gikonyo amerudi nyuma."

"Ni ya mama mkwe. Hawezi kutumia yangu."

"Kwani yako iko na nini?"

Hapo bibi yake, Mama Nderitu, akaweka chini maharagwe aliyokuwa anachagua. "Baba Nderitu, mama yangu alikuja hapa mwaka gani?"

"Tisini na nane. Nyumba zikiwa mpya."

"Akakaa siku ngapi?"

"Mbili. Si aliogopa mbwa?"

"Mbwa gani? Huyo mama alifukuza fisi kule Nyandarua na jembe." Mama Nderitu akarudi kwa maharagwe yake. "Ulimwonyesha choo yako na hiyo kiburi yako yote. Ukamwambia, mama, jisikie nyumbani. Akashikilia siku mbili, akapanda basi."

Miaka minane Gikonyo alikuwa amemlaumu mbwa. Hata alikuwa amempeana.

"Mama Nderitu, na hukuniambia?"

"Ningekuambia aje?"

Gikonyo akavaa gambuti, akaenda mwenyewe kuhamisha kuku.

Ijumaa nzima Jukka hakwenda kazini. Watu wa ploti walikuja kuona mzungu akishindwa, wengine na viti. Lakini babu yake Jukka kule Finland alikuwa na nyumba ndogo kando ya ziwa, na choo cha shimo nje kwa theluji, na kila mwaka kazi ya kukirekebisha ilikuwa ya Jukka. Aliranda mbao, akaweka sakafu mpya, akapiga mlango wa kufunga kwa ndani, akachomeka bomba la hewa mpaka juu ya mabati. Pembeni akaweka ndoo ya maranda kutoka kiwanda cha mbao, na kijiko cha kuchotea. "Ukimaliza unamwaga kidogo, hakuna harufu," akawaeleza.

"Kumbe hata huko mnachimba?" Gikonyo akashangaa. "Nilidhani nyinyi mlizaliwa na mnyororo mkononi."

Jumamosi saa tatu, Mukhisa, ndugu mdogo wa Roselyne, akafika na gari kutoka Bokoli. Mama Rispah hakutaka kuongea na mtu. Aliingia moja kwa moja, akafunga begi ya Roselyne, akakusanya vitu vya mtoto, na Mukhisa akavipanga kwenye buti. Jukka alisimama mbali, amekunja kofia mikononi.

Mama Nderitu akamfuata mama kwa upole. "Mama, kabla uende, si tutembee nyuma huku uone kitu."

Wakazunguka nyumba. Mama Rispah akaangalia mlango mpya, akaangalia bomba, akanusa. Akagonga mbao na kidole.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yangu, mama. Iko kwa ploti yangu."

"Nani amejenga?"

"Fundi."

"Fundi gani?"

Mama Nderitu akamwangalia usoni. "Mama, kwani ukipanda kitanda unauliza seremala ni nani?"

Mama Rispah akaangalia migomba ya Gikonyo, jinsi ilivyoficha njia vizuri. Halafu akampa Mama Nderitu kikapu, akaingia, na komeo likasikika.

Upande wa mbele watu wote walianza kuangalia mambo mengine. Mukhisa alikagua tairi. Gikonyo alikagua mawingu. Roselyne, mtoto kifuani, alimwangalia Jukka, na Jukka alizidi kukunja kofia. Dakika zikaenda. Zikaenda zingine.

Mama Rispah akatokea pembeni mwa nyumba anatembea polepole, kwa mara ya kwanza tangu afike Kitale. Hakumwangalia mkwe wake. Alienda kwa dirisha la gari.

"Mukhisa, wewe rudi. Mwambie baba yako ajipikie. Jumamosi ijayo niletee blanketi yangu ya kulalia Tuwan, na jembe, na mbegu ya kunde. Huku nyuma kuna shamba imekaa bure."

"Shamba gani?" Gikonyo akauliza, lakini hakuna aliyemjibu.

"Na wewe unarudi lini, mama?" Mukhisa akauliza.

"Huyu mtoto akitembea, tutaongea."

Roselyne alianza kuhesabu miezi kwa vidole, akafika mkono wa pili. Jukka hakungoja jibu la hesabu. Alikuwa ameingiza kichwa kwenye buti, anatoa begi, beseni ya mtoto, nepi, kimoja kimoja, na anakimbiza ndani ya nyumba kabla mtu hajageuza neno.