Ngazi ya Mita Sita

Mkuu wa shule alikuwa na ugonjwa mmoja: mwalimu mzuri hamwachii. Ukiboronga kazi, uhamisho wako unasainiwa kabla chai haijapoa. Mwalimu wa michezo alipoteza mipira yote ya shule, akaondoka na baraka tele. Mwalimu wa kemia, bingwa wa kufaulisha, ameomba kuhama mpaka mvi zimemwota. Bado yupo maabara, anachanganya dawa na machozi.

Mwalimu wa hisabati akasoma alama za nyakati. Mumewe na binti yao walikuwa mji mwingine, mbali kiasi kwamba ndoa yenyewe ilikuwa imehamia kwenye simu. Barua yake ya kuomba uhamisho ilikuwa inazeeka kwa Mkuu.

"Mke wangu," mume alimtania usiku wa kuamkia ukaguzi wa shule, "siku nikikuona ana kwa ana nitatafuta kitufe cha kukuzima."

Walicheka. Kisha binti akanyakua simu. "Mama, kwani umefungwa?"

Hapo hakucheka mtu.

"Nakuja, mwanangu," akajibu. Alishajua atakavyotoka: ataboronga kesho mbele ya mkaguzi.

Asubuhi bahati ikampokea mlangoni. Ile programu ya hisabati, ambayo Mkuu aliipenda kuliko wakwe zake, ilikuwa imewashwa, projekta ikiimulika ukutani, picha imeinama upande. Mkuu alikuwa ameichezea akijifua kumringia mgeni, akaiacha pabaya: kipimo cha pembe kilikuwa kwenye radiani badala ya nyuzi, kwa hiyo majibu yangetoka mabovu. Mwalimu akakiona kile kialama kidogo pembeni. Akakinyamazia.

Madirisha yakafungwa, mapazia yakashushwa ili picha ionekane. Joto likapanda. Mkaguzi akakaa nyuma. Mkuu akasimama mlangoni kama kufuli.

"Ngazi ya mita sita imeegemea ukuta," mwalimu akaanza. "Inafanya pembe ya nyuzi thelathini na sakafu. Ncha yake iko juu kiasi gani?"

Ni mita tatu. Hata usingizini angelitaja jibu hilo. Akaandika sita mara sine ya thelathini, akabonyeza.

Ukuta ukajibu: −5.93.

Akasubiri kicheko. Akaisubiri aibu yake, tamu kama tiketi ya kwenda nyumbani.

Kilichosikika ni kalamu. Darasa zima lilikuwa linanakili. Hata msichana wa mbele, waliyembatiza Wakili kwa kubishia kila kitu hadi kengele, alilipigia jibu mistari miwili.

"Wakili," mwalimu akaita. "Leo hubishi?"

"Nibishane na programu, mwalimu? Si haikosei?"

"Nilisema mimi?"

"Alisema Mkuu. Wewe ulinyamaza."

Mkuu akatabasamu. "Endelea, mwalimu, endelea."

Akatazama mlango: Mkuu. Akatazama dirisha: pazia. Binti yake alikuwa anamsubiri huko. Mabinti wa wenzake walikuwa hapa, na mtihani wa mwisho unabisha hodi, wanalibeba jibu bovu kama wamepewa zawadi.

Akashusha pumzi.

"Haya, Wakili, mpandishe fundi kwenye hiyo ngazi. Akifika kileleni yuko wapi?"

Msichana akaukodolea ukuta macho. "Yuko... chini ya sakafu. Karibu mita sita."

"Anafanya nini huko?"

"Labda anachimba choo, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko.

"Basi programu haijakosea," mwalimu akasema. "Imejibu swali ambalo hatukuliuliza. Njooni mtafute tulipoikosea."

Viti vikaburuzwa. Wakaisonga kompyuta, wakabishana, mpaka Wakili akakinasa kile kialama. Wakarudisha nyuzi: tatu. Tangu hapo ikawa sheria: hakuna kubonyeza kabla kila mtu hajakisia. Mkaguzi naye akanyoosha mkono, akakisia, akakosea, akazomewa kama mtoto wa jirani. Akacheka hadi miwani ikamdondoka.

"Mkuu," akasema akipangusa macho, "huyu mtunze!"

"Mheshimiwa, huyu hatoki hapa labda nitoke mimi."

Akapapasa koti, akatoa barua ya mwalimu ya kuomba uhamisho, akaikunja, akaikunja tena, akaisokomeza chini ya mguu wa projekta. Picha ikakaa sawa.

Ndani ya mkoba, simu ya mwalimu ikaanza kutetemeka.

"Sasa imenyooka, mwalimu," Wakili akasema.

"Imenyooka," mwalimu akajibu. "Weka nyuzi sitini. Kisieni kwanza."