Msafishaji wa Chombo cha Saba

Mzee Cheche alikuwa ameanguka mtihani wa insha mara mbili, na mara zote mbili alianguka mbele za watu. Siku hizo hakuna aliyekuwa akisahihishiwa karatasi nyuma ya mlango. Mtahiniwa alisimama mbele ya darasa akasoma hadithi yake, na jukwaa la kioo lililokuwa kando ya ubao likamuumba mhusika kwa mwanga, kwa maneno yaliyosomwa tu. Kisha mtahini akamuuliza mhusika huyo maswali matatu. Akijibu kama mtu, mwandishi kafaulu. Akijibu kama sanamu, imekula kwake.

Mara ya kwanza Mzee Cheche alisoma habari za nahodha wa chombo cha angani, "jasiri, mrefu, mwenye busara isiyo kifani." Jukwaani likasimama pande la mtu lisilo na pua.

"Nahodha, leo umekula nini?" mtahini akauliza.

"Mimi ni jasiri," pande likajibu.

Watu walicheka mpaka madawati yakalia. Mara ya pili mzee akaongeza sifa kumi na mbili. Nahodha akapata pua, lakini akili hakupata.

Na kanuni ilikuwa moja: ukianguka mara tatu, jina lako linafutwa shuleni. Mzee alikuwa amechomelea mageti kwa miaka arobaini na moja, ndiyo maana wakamwita Cheche. Vyeti vya watu alikuwa ameviona vimetundikwa ukutani katika nyumba alizozifungia madirisha. Yeye alitaka kimoja tu, chenye jina lake, kabla macho hayajamtupa mkono.

Mwalimu wake, binti wa umri wa mjukuu wake, alimkalisha chini.

"Mzee wangu, mteja akitaka kujua kama geti ni imara, unamwambia ni imara?"

"Aa, wapi! Nalipiga teke mbele yake."

"Basi na huyu mhusika mpige teke."

Mzee akacheka. Halafu akaacha kucheka, akaenda kununua daftari jipya.

Jumamosi ya mtihani wa tatu, dada yake mkubwa alikaa dawati la mbele, mkoba mapajani. Alikuwa amesafisha wodi za hospitali tangu ujana wake mpaka alipostaafu.

"Safari hii usituaibishe, mdogo wangu," akasema bila kushusha sauti. "Nguo zangu nimeziacha kwenye maji."

Mzee akasimama mbele ya darasa. Akafungua daftari, akasoma:

"Chombo cha saba kilibeba abiria mia nne na msafishaji mmoja. Kila asubuhi madirisha yalikuwa na mabaka ya mafuta, mahali walipoegemeza vipaji vya nyuso wakiitafuta dunia waliyoiacha. Aliingia na ndoo, sketi kaikunja kiunoni, funguo zikimgonga nyonga. Hakubisha hodi. Alisonya kwanza, ndipo akaangalia kamsonya nani. Tambara alilikamua kama anayelidai jibu."

Jukwaa lilianza na miguu: malapa mawili, moja limeshonwa kwa waya. Zikaja funguo, zikilia. Ukaja mkono wenye ngozi iliyokunjamana kwa maji. Kufumba na kufumbua, mwanamke mzima alikuwa amesimama pale, anahema, na nyuma yake dirisha la chombo limechafuka vibaya.

Mtahini, bwana wa tai na miwani, alikohoa kidogo. "Mama, wewe kazi yako nini humu?"

"Huna macho? Nyanyua miguu."

Mtahini akainyanyua kabla hajajua anafanya nini. Darasa likapasuka kwa kicheko, naye mwenyewe akacheka, miguu ikiwa bado hewani.

"Na nahodha wenu ni mtu wa namna gani?"

"Anatupa maganda chini ya kiti, halafu anatuhutubia usafi wa nyota."

"La mwisho. Unaogopa nini?"

Mzee Cheche akapekua daftari. Hilo hakuliandika popote. Mwanamke aliweka ndoo chini, akajifuta mikono kwenye sketi, akafikiri.

"Naogopa tufike," akasema. "Siku hiyo wote watakimbilia mlangoni kuiona dunia mpya. Nani atageuka aone chombo kilivyong'aa?"

Mtahini akavua miwani.

"Mzee, jibu hilo limo kwenye daftari lako?"

"Halimo, mheshimiwa. Kajibu mwenyewe."

"Miaka kumi na tisa ninatahini. Wahusika hunirudishia walichoandikiwa. Huyu kanipa lake." Akachukua kalamu, akaandika, akasoma kwa sauti ili wa nyuma nao wasikie: "Amefaulu. Daraja la kwanza."

Makofi yakapigwa, madawati yakapigwa, mwalimu akaruka kama mtoto. Dada mtu alisimama, mkoba kaubana kwapani.

"Na mimi sisonyi hivyo," akasema, kisha akasonya vilevile hasa, darasa zima likaanguka kwa kicheko. Lakini leso alikuwa ameshaitoa.

Fundi wa mitambo akanyoosha mkono kulizima jukwaa.

"Ngoja, kijana wangu," akasema Mzee Cheche, kidevu juu, sauti ya mtu mwenye cheti. "Mwache amalize dirisha."

Wakamngoja. Tambara lilipita, mafuta yakatoka, na katika kioo safi nyota zikajitokeza moja moja, kisha duara la buluu la dunia mpya likajaza ukuta mzima wa darasa. Hakuna aliyeutazama mlango.