Filimbi Tatu kwenye Uwanja Mmoja

Niliingia kwenye kamati ya timu ya wasichana kwa sababu ya kufua jezi. Kila Jumatatu nazipokea zikiwa zimeganda udongo, kila Ijumaa nazirudisha zimekunjwa. Kocha wetu, ambaye kazi yake ni kinyozi, akasema mtu anayejua jezi ya nani imechanika wapi hawezi kukosa kwenye kikao. Basi nikaitwa Bibi Jezi, nikapewa kiti. Kiti chenyewe ni kile cha kunyolea, maana tulikuwa tunakutana salunini kwake Jumapili asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja. Ukikisahau kinakuzungusha ukajikuta unaongea na kioo.

Shida iliyotukutanisha mara hiyo ilikuwa mwanangu mwenyewe. Simfichi. Ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha, na mtu anayeshinda na mashine ya kukatia vyuma masikioni husahau kwamba wengine tunasikia vizuri. Binti yake, mjukuu wangu, ana miaka kumi na mbili, anacheza pembeni kushoto. Wenzake wanamwita Sindano kwa wembamba. Basi huyo baba akifika uwanjani ni kelele tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Sindano! Piga! Piga bwana! Unaubembeleza mpira, umelala huo?"

Mtoto anageuka kumwangalia baba, mpira unapita. Anapigiwa kelele kwa kugeuka, anageuka tena. Msimu mzima hakuwa amefunga hata bao moja.

Siku moja, kwenye mechi na timu ya mtaa wa juu, mwanangu aliruka mstari akamnyang'anya mshika kibendera kibendera chake. Mzazi mmoja wa upande wa pili akamkamata ukosi wa shati. Chupa za maji zikaanza kuruka. Watoto wamesimama katikati, wanatutazama sisi watu wazima kama vile sisi ndio tuliolipiwa kiingilio.

Uwanja ni wa shule. Mwalimu mkuu alituita ofisini kwake Jumatatu yake, akaweka ufunguo wa geti juu ya meza.

"Nawapa uwanja bila malipo kwa sababu wanafunzi wangu nao wanacheza," alisema. "Lakini mtu mzima akimgusa tena mwenzake humu ndani, hata ukosi tu, geti nafunga. Sitaki kuitwa kikaoni. Nafunga, na ufunguo unakwenda kwa bodi."

Hakuna uwanja mwingine ambao watoto wetu wanaweza kuufikia kwa miguu. Kufungwa geti maana yake timu imekwisha.

Kikao cha Jumapili kinyozi hakuzunguka mbuyu. "Bibi Jezi, samahani, ila mwanao tumfungie nje."

"Mkimfungia nje atachungulia juu ya ukuta," nikasema, "na geti lenyewe yeye ndiye aliyelichomelea. Anajua linafunguka vipi."

"Sasa tumfanyeje?"

Mimi nimelea wanne. Yule mmoja mkorofi ukimwambia kaa pale tulia, umejitafutia kazi. Mpe ndoo akachote maji. Nikawaambia tumpe huyu kazi. Tuvute kamba hatua tatu nje ya mstari, wazazi wote wakae nyuma yake, na kila timu itoe msimamizi mmoja wa kuwaangalia watu wake. Avae kizibao cha rangi ili aonekane. Na nikaongeza, kwa kinywa changu mimi, apewe filimbi. Mzazi akivuka kamba au akimtukana mtoto, msimamizi anapuliza, anamwonyesha kidole, mtu anarudi nyuma. Nilikuwa nimewaona walinzi wa ghala wanavyofanya. Filimbi haitukani mtu.

Wote wakasema wazo zuri. Refa wetu, dada muuguzi wa zahanati, akaongeza la kwake: watoto wakiona wakubwa wanaanza kuvutana, wakae chini pale pale walipo, wasikimbie wala wasishangilie. Kinyozi akaandika kwenye daftari. Tulikuwa watu saba mle ndani, vichwa saba, na hakuna hata kimoja kilichokumbuka kwamba refa naye anapuliza filimbi. Hata refa mwenyewe.

Mwanangu alipopewa kizibao alicheka, akadhani tunamtania. Halafu akakivaa. Upande wa timu ya mtaa wa juu msimamizi akawa mama mmoja muuza matunda, mpole lakini si wa kuchezea. Mechi mbili za kwanza zilikwenda kimya. Mwanangu anatembea na kamba yake, huku na huku, mikono nyuma, hatazami hata mpira. Filimbi haikupulizwa, maana hakuna aliyevuka. Tulivyorudi nyumbani Sindano akaniuliza, "Bibi, kwani baba leo alikuja?"

Nikajiona nina akili.

Mechi ya tatu ilikuwa tena na timu ya mtaa wa juu. Wao walikuwa wanatuzidi mabao ya msimu mzima, kwa hiyo sare inawapeleka mbele na sisi tunabaki. Mpaka dakika kumi za mwisho hakuna aliyefunga. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama barazani pa ofisi yake, na kila mtu alijua amesimama kutazama nini.

Upande wetu kuna mzazi mmoja, muuza mkaa. Mtu mzuri sana akiwa dukani. Refa alikataa kutupa kona, basi jamaa akapita chini ya kamba, akaenda mpaka kwenye mstari. "We dada! Hayo macho umeyaacha zahanati?"

Mwanangu akafanya kama alivyoagizwa. Akapuliza. Na mapafu ya fundi mnayajua, ikatoka filimbi ndefu, kali, ya kusimamisha lori. Akamwonyesha kidole, muuza mkaa akarudi nyuma ya kamba ananung'unika. Kazi ikawa imefanyika vizuri kabisa.

Ila huko uwanjani watoto wote walikuwa wamesimama. Mabeki wa wenzetu walishusha mikono. Kipa wao akainama kufunga kamba ya kiatu. Aliyekuwa hajasimama ni Sindano peke yake. Alikuwa na mpira kushoto, akaendelea kukimbia nao, akaingia ndani, akapiga. Kipa akauona ukiwa wavuni.

Bao. Na dada refa, ambaye alikuwa amebaki kule mbali, mgongo kwa muuza mkaa, alidhani ile filimbi imetoka uwanja wa netiboli nyuma ya madarasa, ambako walikuwa kwenye mazoezi. Akaonyesha katikati, kwamba bao ni halali.

Upande wetu ulilipuka. Sindano alikuwa anakimbia mikono juu, na ule mdomo wake wenye pengo umefunguka wote. Nimemlea yule mtoto, sijawahi kumwona hivyo.

Halafu wazazi wa mtaa wa juu wakafika kwenye kamba.

"Filimbi imepulizwa! Watoto wamesimama kwa sababu ya filimbi!"

"Filimbi gani? Mmefungwa, tulieni!" Aliyejibu kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa muuza mkaa, ambaye ndiye aliyepuliziwa.

Dada refa akauliza nani ana filimbi iliyolia. Mama muuza matunda akainua yake, ikining'inia shingoni. "Yangu haijaguswa mdomo tangu asubuhi." Watu wetu wakapiga kelele kwamba ni ya netiboli. Kamba ikaanza kuvutika kwa vifua vya watu. Watoto, mmoja mmoja, wakakaa chini kwenye majani kama walivyofundishwa. Sindano alikuwa wa mwisho kukaa. Kule barazani mwalimu mkuu alishuka ngazi moja.

Nikamtafuta mwanangu. Alisimama mwisho wa kamba, na ile filimbi haikuwa shingoni. Ngumi ya kulia ilikuwa imefumbwa, kamba ya filimbi inachungulia katikati ya vidole. Nikamwendea. Mguu wangu huu wa kushoto hauna haraka, lakini nilifika.

"Filimbi iko wapi, baba?"

Akaificha ngumi nyuma ya kizibao.

"Nakuuliza wewe."

"Mama, ni bao lake la kwanza." Alisema kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikujua anayo. "Umemwona alivyofurahi? Mimi ndiye nikamfutie?"

"Nimemwona."

"Na nikisema watanipiga."

"Wakikupiga geti linafungwa. Usiposema watapigana wao kwa wao, geti linafungwa vile vile. Chagua basi njia ambayo huenda isilifunge."

Aliwatazama wale watu kwenye kamba. "Nakwendaje?"

"Usiende kwa watu. Nenda kwa refa. Taratibu, na mikono ionekane."

Akainama akapita chini ya kamba. Mara ile nyingine aliuruka mstari kama mbuzi. Akatembea mpaka kwa dada refa, akafungua kiganja.

"Dada refa, ni hii. Ni mimi. Kuna mtu alivuka kamba, nikapuliza. Sikujua kama watoto watasimama."

Kisha upande wa mtaa wa juu wakaanza: "Si tulisema! Si tulisema!" Lakini hao hawakuwa tena na cha kugombania, walikuwa wamepewa walichotaka. Moto ulihamia kwetu.

"Umetuuza!" Muuza mkaa alivuka kamba kwa mara ya pili, na nyuma yake wengine wawili. "Baba gani wewe, unamnyang'anya mtoto wako bao? Si ungenyamaza tu, nani angekujua?"

Mkono wake ulikuwa umeshaelekea kwenye ukosi. Mwanangu, Mungu anaona, aliipeleka mikono yake nyuma na kushika mmoja kwa mwingine, kama anavyotembea na kamba. Nilijua ana nguvu za kumbeba muuza mkaa na gunia lake. Hakuitoa.

Nikajiingiza katikati. "Baba mkaa," nikamwambia, "hiyo filimbi ilikulilia wewe. Ulikuwa umevuka. Na aliyesema zigawiwe filimbi ni mimi, iko kwenye daftari la kinyozi. Kama kuna ukosi wa kukamatwa leo, wangu huu hapa, nimeupiga pasi."

Mmoja wa wale wawili wa nyuma akacheka. Na kicheko hakizuiliki, mwenzake naye akakipokea. Muuza mkaa akabaki na mkono hewani, hajui aupeleke wapi, mwisho akajikuna nao shingo.

"Bibi Jezi, na wewe unapenda kuingilia."

"Ndiyo. Sasa twende nyuma ya kamba, nishike mkono, mguu unauma."

Akanishika. Mwalimu mkuu hakushuka ngazi ya pili.

Dada refa alifuta bao. Akaudondosha mpira pale ulipokuwa filimbi ilipolia, mchezo ukaendelea dakika zilizobaki, ukaisha bila bao. Mtaa wa juu wakapita, sisi tukabaki. Mama muuza matunda alikuja kumpa mwanangu mkono, akasema neno ambalo sikulisikia.

Nyumbani Sindano hakula na sisi. Alikaa kwenye kizingiti anabandua udongo kwenye viatu kwa kijiti. Baba yake akamkaribia, akasimama kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Mama, nisamehe."

Ndivyo anavyomwita binti yake, kwa sababu mtoto amerithi jina langu.

"Miaka yote tunakuambia nyamaza, hunyamazi," mtoto akasema, hakuinua macho. "Leo siku ya kunyamaza, ndiyo umesema."

Fundi mzima akageuka. Akaenda kuosha mikono ambayo haikuwa michafu.

Mimi nikajisogeza pale kizingitini. Kulikuwa na jambo linanisumbua. "Hebu niambie. Wenzako wote walisimama. Wewe kwa nini hukusimama?"

Akachokoa udongo muda mrefu.

"Nilijua ni baba, Bibi. Kelele yoyote ikitoka upande ule ni baba. Nimeshazoea kutoisikia."

"Kwa hiyo ulijua kwamba si refa."

"Nilijua. Kama si ya refa mchezo unaendelea, kocha ndivyo anavyosema." Akabandua kipande kingine cha udongo. "Lakini yule kipa alikuwa anafunga kiatu. Nilimwona."

Mtoto akishafika mwenyewe usimsukume.

Jumapili tulikusanya zile filimbi mbili, zikaingia kwenye droo ya kinyozi pamoja na mashine mbovu. Wasimamizi wakapewa vitambaa vya njano vya kuinua. Mwanangu alikuja na kizibao kimekunjwa, anataka kukirudisha, akisema yeye ndiye aliyeharibu. Kinyozi akamwambia akivae, kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza isipokuwa muuza mkaa, naye hatujui tumfanyeje. Mwalimu mkuu hakufika kikaoni. Alituma ujumbe kwamba Jumamosi geti litafunguliwa saa mbili, si saa tatu, na mwenye kukanyaga maua yake atayapanda upya.

Sindano alikaa siku tatu bila kumsalimia baba yake vizuri. Jumatano jioni aliingia kutoka mazoezini, akavua jezi, akaitupa kwenye beseni langu.

"Umefunga?" baba yake akauliza, kwa ile sauti ya chini.

"Mazoezini hakuna anayehesabu."

Akatembea mpaka mlangoni pa chumba chake. "Mawili," akasema, akafunga mlango.